Hell's Gate kwa Baiskeli: Vidokezo vya Kiangazi, Masika na Kipupwe

Mbuga nyingi za Kenya huzioni ila uwe ndani ya gari, dirisha limepandishwa nusu na dereva akikuonya usitoe mkono. Hell's Gate, pale Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, ni habari nyingine. Unalipa, unapanda baiskeli, unaenda zako. Pundamilia huku, ngiri kule, majabali mekundu kushoto na kulia. Mbuga ilitangazwa rasmi mwaka 1984 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi, kwa hiyo asubuhi moja yatosha kuipita kutoka lango hadi korongo na kurudi.

Kila mtu huuliza msimu gani ndio mzuri. Mimi huuliza mvua ilinyesha lini, na ilinyesha wapi. Njia ni ile ile mwaka mzima, lakini udongo wake mwingi ni majivu ya volkeno, na majivu hubadilika tabia kila yanapoonja maji. Haya basi, vidokezo.

1. Jua baiskeli inaishia wapi

Wageni wengi huja wakidhani watateremka na baiskeli hadi ndani ya korongo lenyewe, lile Wamaasai wanaloliita Ol Njorowa. Haiwezekani. Kuna mahali pa kushuka ukishikilia kamba, na mahali pengine kuta zimebanana hivi kwamba mtu mnene atapita ubavu ubavu. Baiskeli ni ya bonde la juu. Unaanzia Lango la Elsa, unapita Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba wa volkeno ya mita 25 hivi ambayo wakwea majabali huipenda sana, kisha unaendelea hadi kituo cha askari karibu na Mnara wa Kati. Ni kilomita saba, nane hivi. Hapo unaifunga baiskeli na kufuli, unachukua kiongozi, unashuka kwa miguu.

Jambo ambalo halionekani kwa macho ni kwamba kwenda ni mteremko mwepesi karibu njia nzima. Unajiona bingwa. Kurudi, saa sita mchana, ndipo bingwa anapojulikana. Wacha nusu ya nguvu zako kwa safari ya kurudi, na zaidi ya nusu ya maji.

2. Kiangazi: toka kabla ya jua kupata nguvu

Januari na Februari ardhi hukauka ikawa unga wa sembe. Tairi la mbele linazama, usukani unakwenda utakako wenyewe, na gari moja tu la watalii likipita unabaki umekaa ndani ya wingu jeupe ukikohoa. Dawa ya mchanga laini ni tatu. Kwanza, punguza upepo kidogo kwenye matairi ili yakanyage kwa upana. Ila usipunguze sana kama baiskeli ni ya kukodi, maana mdomo wa rimu utaiuma tyubu na utapata pancha mbili zilizopangana. Pili, shusha gia mapema, kabla hujaingia mchangani, kisha zungusha pedali kwa wepesi bila kuacha. Ukisimama katikati umekwisha, utasukuma. Tatu, rudisha uzito nyuma, legeza mikono, tazama mbali. Anayeutazama mchanga ulio chini ya tairi lake huangukia hapo hapo.

Breki ya mbele isahau kabisa kwenye mchanga.

Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uwe langoni saa hiyo. Kufikia saa nne jua linachoma. Upo kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, hewa ni nyepesi na miale haina kizuizi. Anayetoka Mombasa au Malindi atashangaa pia kifua kinavyobana kwenye mlima mdogo tu. Si uzee, ni mwinuko. Jipe siku moja ya kuzoea kama unaweza. Alasiri nako huja upepo, tena wa nguvu, ukipiga vumbi usoni wakati tayari umechoka.

Maji, lita tatu kwa mtu mzima. Usitegemee kuyapata ndani.

Uzuri wa kiangazi ni wanyama. Nyasi ni fupi, unaona mbali, na kila chenye kwato huvutwa kwenye maji machache yaliyobaki. Twiga, swala granti, swala tomi, kongoni, pofu kwa mbali. Inua macho pia. Tai hutaga kwenye vidaraja vya majabali yale, na chokaa nyeupe ya vinyesi vyao inaonyesha viota vilipo.

3. Tembea na tyubu mbili, si kiraka peke yake

Migunga ya Naivasha haina huruma. Tawi lililoanguka njiani lina miiba ya kutosha kulaza matairi yote mawili kwa mpigo mmoja. Isitoshe kuna mawe meusi yanayong'aa, kioo cha asili kilichomwagwa na volkeno, na kipande chake kikivunjika huwa na makali ya wembe. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitambaa, si kidole. Kitambaa kikikwama, mwiba uko hapo. Asiyefanya hivi hubadilisha tyubu, akapiga pampu, akaondoka kwa furaha, na baada ya mita mia mbili anaanza upya.

Pampu iwe yako, na uhakikishe inaingiana na valvu zako. Yule jamaa aliyekuahidi kuwa anayo huwa ameiacha kwenye gari.

4. Angalia tarehe za rali

Tangu Safari Rally irejee kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Naivasha ndiyo makao yake, na hatua ya mwisho kabisa hukimbiwa Hell's Gate. Mwanzoni ilikuwa Juni. Mwaka 2024 ikahamia Machi. Wiki hiyo msongamano huanzia barabarani Nairobi, na vyumba vya wageni mjini huwa ghali au vimekwisha. Ikiwa wewe ni mpenzi wa magari, njoo ushangilie. Ikiwa umekuja kuendesha baiskeli, subiri. Hata baada ya madereva kuondoka, magurudumu yao huacha mifereji iliyojaa vumbi laini, lile wenyewe wanaloliita feshfeshi, na itabidi mvua inyeshe kidogo ndipo njia ishikamane tena.

Nyongeza ndogo: siku za kuelekea tarehe 14 Februari mashamba ya maua kando ya ziwa huwa mbioni kuliko wakati wowote, kwani Ulaya inasubiri waridi. Barabara ya Moi South Lake hujaa malori na mabasi ya wafanyakazi. Kama unaendesha kutoka mjini Naivasha, kaa pembeni kabisa, na uvae nguo inayoonekana.

5. Masika: itazame mvua ya mbali

Hapa naomba usome polepole.

Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji. Zamani, Ziwa Naivasha lilipokuwa na kina kikubwa zaidi, lilifurika kuelekea kusini, na njia ya maji hayo ndiyo korongo tunaloteremka leo tukipiga picha. Maji bado yanaijua njia. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya juu, mifereji yote humwaga hapo, na kwa kuwa kuta ni nyembamba, maji hupanda kwa dakika chache. Juu yako anga linaweza kuwa la buluu tupu.

Aprili 2012 watu saba waliangamia humo, vijana waliokuwa kwenye matembezi ya kanisa. Aprili ni katikati ya masika, mtu anaweza kusema ilitarajiwa. Basi ona Septemba 2019: watu saba tena, watalii pamoja na kiongozi wao, katika mwezi ambao kalenda haiuhesabu kuwa wa mvua. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likalifunga korongo.

Kwa hiyo, kuanzia Machi hadi Mei, na siku yoyote nyingine yenye mawingu mazito upande wowote wa upeo, endesha baiskeli juu na uliache korongo. Siku nyingine, uliza langoni kama liko wazi, na uliza tena kituoni unapoegesha. Ukishuka, shuka na kiongozi anayetambuliwa na mbuga, na mpange kabla ya kuanza kwamba mkisikia mngurumo, au mkiona maji safi yamegeuka rangi ya udongo, mnapanda ukingoni papo hapo, wala si kurudi mlikotoka mbio. Askari akikwambia limefungwa, usimtafute mtu wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma. Bonde la juu peke yake linatosha siku nzima.

Na kusema kweli, juu wakati wa masika kuna raha yake. Udongo wa majivu hunywa maji haraka. Mvua ya usiku mmoja, ikiwa ya wastani, huifanya njia iwe ngumu kiasi cha kupendeza, vumbi limelala, tairi linashika, na kona uliyokuwa ukiipita kwa woga Februari unaikata bila kugusa breki. Mvua ya siku tatu mfululizo ni kesi nyingine: maji hukata mitaro mipya kuvuka njia, na mtaro uliofichwa na nyasi hula gurudumu la mbele lote. Teremka kwa mwendo wa mgeni, hata kama njia unaijua.

6. Matope yaoshe siku hiyo hiyo

Majivu ya volkeno ni mchanga wa kusugulia. Yakikaa kwenye mnyororo yanasaga chuma kila unapokanyaga pedali. Osha kwa ndoo na brashi, usielekeze mpira wa maji ya kasi kwenye bolingi za magurudumu na pedali, kausha, kisha tia mafuta tone kwa tone na ufute yanayobaki nje. Kiangazi tumia mafuta mepesi yasiyoshika vumbi. Masika tumia mazito kidogo. Mafuta ya injini yaliyotumika, ambayo mafundi wengi wa barabarani hukupa kwa ukarimu, yakatae kwa adabu.

7. Kipupwe: sweta asubuhi, fulana saa tatu

Juni hadi Agosti watu wa Nairobi hulalamika baridi na kujifungia ndani. Waache. Naivasha alfajiri kipimajoto chaweza kushuka chini ya nyuzi 10, vidole vinauma kwenye breki, pumzi inaonekana. Vaa glavu, na nguo za tabaka utakazovua moja moja. Sweta moja nene litakutesa kufikia saa tatu, na huna pa kuliweka. Baada ya hapo ni raha mtindo mmoja: jua hafifu, mawingu ya kukinga kichwa, nyasi bado zina kijani cha masika, na kichaka cha leleshwa kinanukia vizuri kila ukikigusa kwa bega. Ardhi haijarudi kuwa unga.

Ukinibana nichague wiki mbili za mwaka mzima, nachagua mbili za kwanza za Juni.

8. Nyati hana haraka, nawe usiwe nayo

Hell's Gate haina ndovu wa kukutisha, na chui waliopo huwaoni kirahisi. Mnyama wa kumheshimu ni nyati. Wengi wanamkuta kwenye njia ya mzunguko iliyopewa jina lake, na wengine wanamkuta kando tu ya njia kuu asubuhi. Kundi kubwa lenye majike na ndama mara nyingi litasogea lenyewe. Wa kuogopwa ni dume mzee aliye peke yake, au wawili, wamelala kichakani pembeni. Masika, nyasi zikiwa ndefu, humwoni mpaka ainuke.

Simama mbali. Usipige kengele, usipige kelele, usijaribu kupita kwa kasi ukidhani baiskeli itamshinda mbio. Haimshindi. Subiri gari lipite na ujikinge upande wake wa pili, au rudi nyuma polepole ukitafuta njia nyingine. Mkiwa kundi, shikamaneni. Anayebaki nyuma peke yake akihema ndiye aliye hatarini. Usipite kamwe kati ya mama na mtoto, hata awe ngiri. Na usiache njia kufuata picha: mbali na hatari, alama ya tairi kwenye majivu hugeuka mfereji msimu wa mvua ukifika.

Pundamilia ndio wanaodanganya watu. Wamezoea baiskeli, wanakuangalia bila wasiwasi, kisha mmoja anaamua kuvuka mbele yako bila taarifa na wenzake wote wanamfuata. Ukiona wawili upande mmoja na kundi upande wa pili, punguza mwendo.

9. Usifungue chakula mbele ya nyani

Mahali pa kupumzikia karibu na korongo pana wenyeji, na wamekutangulia kujua zipu ya mkoba inavyofanya kazi. Novemba na Desemba, wakati wa vuli na likizo za shule, wageni ni wengi na nyani wamechangamka. Kula ukiwa umesimama, mkoba mgongoni. Ndizi iache nyumbani.

10. Baiskeli ya kukodi ikague kama unainunua

Baiskeli hukodishwa njia panda ya kuingilia mbugani na pia langoni. Kutoka njia panda hadi lango ni kilomita mbili hivi za kupanda, kwa hiyo ukikodi njia panda unapata nafasi ya kuijaribu kabla hujaenda mbali; hiyo ni faida, usiichukie. Bana breki zote mbili huku unaisukuma mbele: gurudumu likizunguka, rudisha. Inua nyuma, badilisha gia zote. Tikisa usukani. Weka kiti kimo ambacho mguu unakaribia kunyooka pedali ikiwa chini. Watu wengi wanaolalamika magoti yamewaua walipanda kiti kifupi tu. Uliza helmeti hata kama mwenye baiskeli anacheka. Patana bei na saa ya kurudisha kabla hujaondoka, na chukua namba yake ya simu.

Kiingilio cha mbuga hulipwa kwa njia ya mtandao, si pesa taslimu, basi simu iwe na chaji na bando. Ukija kwa matatu, panda ile ya Kongoni kutoka mjini Naivasha, umwambie utingo akushushe Hell's Gate.

11. Miguu ikibaki, fika Olkaria

Wenye pumzi wanaweza kuendelea hadi upande wa Olkaria, ambako kituo cha kwanza cha umeme wa mvuke nchini Kenya kilianza kazi mwaka 1981. Mlima upo, tena wa kweli, na sehemu za lami zina malori. Mabomba ya mvuke yanapita juu ya vilima yakiwa yameinuliwa mahali mahali ili twiga wapite chini yake. Kuna wanaosema yameharibu mandhari, na siwezi kuwabishia sana. Ndiyo pia yanayowasha taa za nyumba zetu. Nenda kipupwe. Kiangazi, mlima ule na joto lile, sikushauri.

Wasio na pumzi warudi Lango la Elsa, wateremke hadi ziwani wanywe chai Elsamere, nyumba ya Joy Adamson, aliyemlea yule simba jike ambaye lango limechukua jina lake. Mbega hucheza juu ya miti pale, na viti vina mito, jambo ambalo kwa wakati huo utalithamini.

12. Njoo katikati ya wiki

Jumamosi, Pasaka na Desemba ni mabasi ya wanafunzi, spika, na vumbi la magari tangu asubuhi. Jumanne au Jumatano bonde karibu lote ni lako. Omba ruhusa kazini, lete mwenzako mmoja anayejua kuziba pancha, na mwambie mtu wa nyumbani mnarudi saa ngapi. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni.